Nagona na Mzingile: Fumbo na Kitabu Kilicholifuata

Vitabu viwili vidogo vya Euphrase Kezilahabi, Nagona kilichotoka mwaka 1990 na Mzingile kilichokifuata mwaka 1991, vyote viwili kwa chapa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutajwa siku zote pamoja, kama watu watajavyo pacha. Mhakiki akianza kusema habari za cha kwanza, hamalizi ukurasa ila amekwisha kurukia cha pili. Na mwanafunzi akiulizwa swali juu ya Mzingile, aghalabu hujibu kwa mifano ya Nagona wala haoni kosa. Desturi hiyo ina sababu zake. Vyote viwili ni vifupi, hapana hata kimoja kifikacho kurasa 100. Vyote vimetiwa katika kinywa cha msimulizi asiye na jina. Vyote vimeiacha njia ya hadithi za kawaida, ambazo ndani yake mtu huzaliwa, hukua, hupenda, hukosa na kufa kwa utaratibu ambao kila mtu aujua. Lakini pacha nao huwa na tabia mbalimbali, na mzazi asiyezijua tabia hizo humwadhibu mmoja kwa makosa ya mwenziwe. Kuvisoma vitabu hivi kama kitabu kimoja kilichokatwa katikati kumevidhulumu vyote viwili: Nagona kimefanywa swali lisilotimia, na Mzingile kimefanywa jibu lake. Yafaa kutazama kama ndivyo ilivyo.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho msafiri hukifikia kwa kuvuka ziwa kutoka bandari ya Mwanza mpaka Nansio. Alisoma seminari ya Nyegezi, karibu na mji huo wa Mwanza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hadithi zake nne za kwanza, yaani Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), zilimpa jina kubwa, na moja katika hizo ilimpa matata vilevile, maana Rosa Mistika ilizuiliwa isisomwe mashuleni kabla ya kukubaliwa baadaye. Katika hadithi hizo msomaji wa pwani ya ziwa aliiona nchi yake. Namagondo ya Rosa ni Namagondo ya kweli. Barabara, kanisa, ulevi wa baba na subira ya mama ni vitu ambavyo mtu wa Ukerewe angeweza kuvionyesha kwa kidole. Baada ya Gamba la Nyoka ikapita miaka kumi na mmoja bila hadithi nyingine ndefu. Katika miaka hiyo mwandishi alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kwa kazi aliyoiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; akatoa na diwani yake ya pili, Karibu Ndani, mwaka 1988. Ndipo kilipokuja Nagona, na wasomaji waliokuwa wakingoja Ukerewe nyingine wakajikuta katika mji usio na jina, wenye watu wasiosema.

Hapana budi kukiri kwamba mapokezi ya kitabu hicho hayakumsaidia msomaji wa kawaida. Walikuwako waliokisifu kwa sababu hawakukielewa, na walikuwako waliokilaumu kwa sababu hiyo hiyo. Lawama iliyorudiwa zaidi ni kwamba mwandishi ameishona falsafa ya Ulaya kwa uzi wa Kiswahili. Kwamba aliyekuwa msemaji wa wakulima na wavuvi amekwenda ng'ambo akarudi na maneno ya watu wengine. Lawama hii si ya kupuuzwa. Ikiwa ni ya kweli, basi hadithi ya Kiswahili imempoteza mmoja wa watungaji wake walio hodari kabisa katika umri wake wa kukomaa, na waliobaki wana haki ya kuuliza ni nani aliyemwibia. Ikiwa si ya kweli, basi kosa ni la wasomaji, waliodhani kwamba mtu wa Ukerewe hana ruhusa ya kufikiri juu ya ukweli, kifo na Mungu ila kwa kupitia habari za ndoa na shamba.

Kabla ya kuingia katika vitabu vyenyewe, ni vema kukumbuka kwamba kisiwa hicho hicho kilikuwa kimekwisha kuutolea ulimwengu mfano mwingine wa kitabu na mwendelezo wake. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa miaka mingi mswada wake haukupata mchapaji. Katika uzee wake akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 katika mabuku mawili: la kwanza likiwa la mume na mke hao, la pili likiwa la watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki kabla ya kukipata kitabu chake mkononi. Buku la kwanza lina swali moja kubwa, nalo ni mtoto. Myombekere na mkewe hawana mtoto aliye hai, maneno ya ndugu yanaharibu nyumba, mke anarudishwa kwao, mume anakwenda kumwomba na kulipa pombe ya ndizi, mganga anatafutwa, na mwisho mtoto anapatikana. Buku la pili lawafuata watoto hao hata waoe na kuolewa. Hapa mwendelezo ni kama ukoo: cha pili chatoka tumboni mwa cha kwanza, na aliyesoma cha pili peke yake amekosa mizizi. Hata hivyo Kitereza hakuwa mtu wa kufurahi upesi. Jina la Ntulanalwo lamaanisha mtu aliye na kifo siku zote, na Bulihwali ni kuuliza majonzi yatakwisha lini. Yaani swali lililojibiwa katika buku la kwanza limezaa, katika majina ya majibu yenyewe, swali jingine ambalo halina mganga.

Mwendelezo wa namna ya Kitereza ndio ambao wasomaji wengi hutazamia, na si katika vitabu tu. Vijana wa Mwanza wanaocheza michezo ya kompyuta waujua sana mtindo huo. Kuna mchezo wa ajabu na mafumbo uitwao Trine, uliotengenezwa Finland mwaka 2009, ambamo mchawi, askari na mwizi wamefungwa roho zao pamoja na kitu cha uchawi, na mchezaji huwavusha mashimo na magurudumu kwa kutumia akili kuliko nguvu: mchawi huumba masanduku, mwizi huning'inia kwa kamba, askari hupigana. Mwaka 2011 kikatoka cha pili, Trine 2. Watu ni wale wale, hila ni zile zile. Kilichoongezwa ni misitu mikubwa zaidi, rangi nyingi zaidi, na nafasi ya wachezaji watatu kucheza pamoja kwa njia ya intaneti hata kama wako miji mbalimbali. Aliyeupenda wa kwanza hupewa tena alichokipenda, kwa wingi. Hiyo ni njia halali, wala hapana sababu ya kuidharau. Wasimulizi wa jioni wameifuata tangu zamani, maana hadithi ya sungura iliyopendwa jana hufuatwa leo na hadithi nyingine ya sungura huyo huyo. Lakini atakayekifungua Mzingile kwa matumaini ya namna hiyo, akidhani atapewa Nagona kubwa zaidi yenye misitu mingi zaidi, atakifunga kwa hasira.

Sasa na tutazame Nagona. Msimulizi ni msafiri. Aendako hakujui vizuri, wala hasemi aliyemtuma. Anafika katika mji ambao ni kama umekufa. Watu waliomo wamekaa kimya wakisoma, na miongoni mwa wasomaji hao yamo majina makuu ya falsafa ya Ulaya. Hawamkaribishi, hawamfukuzi. Jambo hili ndilo walilolishika walaumu: tazama, wanasema, Ulaya imo ndani ya kitabu! Imo kweli, lakini imekaaje? Imekaa kimya, imeinamia vitabu vyake, katika mji uliokauka. Mwandishi aliyetaka kuwasujudia wakuu hao angewapa sauti, angewapa viti vya mbele na wanafunzi wa kuwasikiliza. Yeye amewapa kimya. Msafiri hapati kwao hata neno moja la kumwonyesha njia, na inambidi aendelee na safari yake. Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni heshima, maana hata kuwaweka hapo ni kuwatambua; lakini ni heshima ya mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkubwa, akabisha hodi, akasikia hakuna aitikaye, akaenda zake.

Katika mji huo liko pia jambo la maungamo, na hapa kidole cha seminari chaonekana. Msomaji aliyelelewa katika misheni za ziwani, iwe Kagunguli au kwingineko, ajua uzito wa kiti kile: upande mmoja mtu mwenye dhambi, upande wa pili sikio, na katikati pazia. Kezilahabi akichukua kiti hicho akakiweka katika nchi ya ndoto, ambamo mwenye kuungama hana hakika ya kosa lake. Si dhihaka ya dini, ingawa wengine wameiona hivyo. Ni swali zito kuliko dhihaka: kama ukweli haujulikani, mtu aungame nini?

Kisha yuko Nagona mwenyewe. Ni paa, mnyama mzuri atokeaye na kutoweka, na watu humfuata kwa macho na kwa moyo wala hawamkamati. Wahakiki wamekwisha kusema kwamba paa huyo ni ukweli, na hapana haja ya kubishana nao. Lakini kusema hivyo tu ni kufanya haraka. Fumbo lililofumbuliwa kwa neno moja limeuawa. Ajuaye mchezo wa vitendawili ajua kwamba anayeshindwa kutegua husema akubali kutoa mji, na mtegaji huupokea mji huo, huusifu kwa starehe zake zote, ndipo atoe jibu. Ladha ya kitendawili imo katika muda ule, kati ya kutega na kutegua, mji unapokuwa mashakani. Nagona ni kitabu kilichoandikwa chote ndani ya muda ule. Paa apita, msomaji ataja jina, jina halitoshi, apita tena. Ustadi wa mwandishi ni kwamba hakumfanya paa kuwa ishara kavu. Amemwacha awe na mwili, na uzuri wake uonekane kabla ya maana yake, kama vile mwindaji auonavyo uzuri wa mnyama kabla ya kukumbuka njaa yake.

Kuelekea mwisho iko Ngoma Kuu, na hapa kitabu kilichoanza kwa kimya kinaingia katika kelele. Kicheko na wazimu vimekuwa vikinong'ona tangu nyuma. Sasa vinapewa uwanja. Anatazamiwa mkombozi wa pili. Sehemu hii yastahili kusomwa polepole, kwa kuwa ndipo mwandishi anapoijibu ile lawama ya Ulaya bila kuitaja. Wakuu wa falsafa walikuwa wamekaa kila mmoja na kitabu chake. Ngoma haichezwi na mtu aliyekaa na kitabu chake. Kinachotafutwa katika ngoma hakipatikani kwa kusomwa, na aliyesimama kando akitazama hajui kilichopo. Mtu wa nchi za ziwa haelezwi jambo hili, maana kwao ngoma si pambo la sherehe. Wasukuma wana vyama vyao vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinavyoshindana kila mwaka baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Si lazima kusema kwamba Kezilahabi aliwafikiria Bagalu na Bagika alipoandika. Yatosha kwamba msomaji wa Mwanza anacho kipimo chake mwenyewe cha kuipimia Ngoma Kuu, wala hahitaji kuazima kwa Nietzsche.

Lakini kitabu hiki kina upungufu wake, na mapenzi ya wahakiki yasiufiche. Watu wake hawana joto. Baba yake Rosa, mlevi na mwonevu, asahauliki kwa sababu mtu anaweza kumnusa. Katika Nagona hapana mtu anayenuswa. Wanatokea, wanasema neno lenye uzito, wanatoweka. Mahali pengine uzito huo wa maneno wachosha, na msomaji hutamani mtu mmoja aseme kwamba ana kiu. Mtungaji aliyeweza kuandika uchovu wa mama anayerudi shambani ameamua kutouandika. Ni haki yake. Lakini gharama imelipwa, na aliyelipa ni msomaji.

Mzingile kinaanza mahali pengine kabisa. Neno lenyewe ni la zamani katika Kiswahili. Kamusi zataja mzingile mwambiji kwa maana ya njia za kupotezana, fumbo la kuingia bila kujua pa kutokea. Kwa jina hilo msomaji hujiandaa kupotea kuliko alivyopotea katika Nagona. Kinyume chake ndicho anachokikuta. Kitabu chafunguliwa kwa masimulizi ya kuzaliwa kwa Kakulu, mtoto wa ajabu asiyefanana na watoto, na masimulizi hayo yana mwendo wa hadithi za kale za kando ya moto: jambo la ajabu lasemwa kwa sauti ya kawaida, kama habari za jirani, na wasikilizaji wanakubali kwanza, maswali baadaye. Kisha msimulizi anapata kazi, nayo ni kazi iwezayo kuelezwa kwa maneno machache: apeleke kwa mzee aishiye upwekeni habari kwamba mwanawe amekufa.

Kazi ya kupeleka habari ya msiba! Hakuna nyumba katika nchi hizi isiyoijua. Mjumbe huchaguliwa kwa busara, hupewa maneno, huambiwa asiyaseme njiani wala asiyaseme mlangoni; huketi kwanza, huulizwa habari za safari, hujibu kwamba ni njema, ijapokuwa kila mtu amekwisha kuona usoni mwake kwamba si njema. Kwenye kisiwa, ambako habari huvuka maji, mjumbe huwa na muda mrefu wa kukaa na mzigo wake. Kezilahabi ameichukua desturi hii inayojulikana na kila mtu akaipeleka mbele ya mzee ambaye wahakiki wengi, na kwa sababu nzuri, wamemtambua kuwa ni sura ya Mungu. Mwana aliyekufa hahitaji kutajwa jina mbele ya wasomaji waliofunzwa katekisimu. Mkristo husimuliwa siku zote kwamba Baba alijua. Hapa Baba hana habari, inabidi apelekewe, na anayempelekea ni mtu tu, aliyechoka kwa njia. Na habari inapofika haizai kilio ambacho mjumbe alikitarajia. Katika kitabu chote hapana jambo linalotisha kuliko hilo, hata yale maangamizi yatakayokuja.

Kwa hiyo kitabu kilichoitwa mzingile kina njia iliyonyoka kuliko kile kilichoitwa kwa jina la paa. Kina mjumbe, ujumbe na mtu wa kupelekewa. Mwanafunzi anaweza kukisimulia kwa mwenziwe katika kivuko kabla ya kufika Nansio, jambo ambalo hangeliweza kwa Nagona hata kama chombo kingekwenda mpaka Bukoba. Mwandishi amewahadaa wasomaji kwa jina, lakini si hadaa ya bure. Katika Nagona mtu hupotea kwa sababu njia ni nyingi na kila moja yameta. Katika Mzingile njia ni moja, imefuatwa mpaka mwisho wake, kazi imefanywa, na baada ya hapo ndipo mtu aonapo kwamba hajui aelekee wapi. Kupotea baada ya kufika ni kupotea kubaya zaidi.

Hapa ndipo ionekanapo kwamba Mzingile si jibu la Nagona. Anayetafuta jibu hutafuta mahali ambapo paa amekamatwa. Mahali hapo hapapo. Cha kwanza kiliishi kwa matumaini: mkombozi anatazamiwa, ngoma inapigwa, mnyama mzuri yuko msituni hata kama haonekani. Cha pili hakichukui matumaini hayo kuyaendeleza wala hakiyakanushi kwa hoja. Kinauliza kitu ambacho cha kwanza hakikuthubutu: je, ikiwa mkombozi alikwisha kuja akafa, na aliyemtuma hajali? Mwandishi mwepesi angengoja miaka ili wasomaji wayasahau matumaini ya kitabu cha kwanza kabla ya kuyatia mashakani. Kezilahabi amefanya hivyo kwa muda wa mwaka mmoja tu.

Na mwaka wenyewe haukuwa mwaka wowote. Nagona kilitoka baada ya ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989. Mzingile kilitoka mwaka 1991, mwaka ambao chama tawala cha Tanzania kilikubali Zanzibar kulegeza masharti ya viongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na ambao Urusi ya Kisovieti ilivunjika mwishoni mwake. Mtungaji aliyekuwa ameyapima mambo ya vijiji vya ujamaa katika Gamba la Nyoka alikuwa anaandika wakati ahadi kubwa zilikuwa zikifungwa na kuwekwa darini. Si vema kukigeuza kitabu cha fumbo kuwa gazeti. Lakini mjumbe anayekwenda kumwambia mzee kwamba mwanawe amekufa, na mzee asishtuke, ni sura ambayo watu wa miaka ile walikuwa na njia zaidi ya moja ya kuielewa.

Maangamizi yaliyomo katika Mzingile ni ya silaha za nyuklia, na msomaji wa leo aweza kudhani ni jambo la kuazima, hofu ya mataifa makubwa iliyovishwa kanzu. Ni kweli kwamba sehemu hii haina nguvu ya ile ya mjumbe. Ulimwengu ulioungua wote ni mgumu kuuona; msiba wa kila mtu hufanana na msiba wa hapana mtu. Hata hivyo sehemu hii inafanya kazi moja ambayo Nagona hakikuifanya. Inamnyang'anya msimulizi kila kitu, mji, vitabu, ngoma, wasikilizaji, na kumwacha na ardhi na haja ya kuanza tena. Hapo, katika majivu, kwa mara ya kwanza katika vitabu hivi viwili, mtu anakuwa na kiu. Mwili uliokosekana katika Nagona warudi. Mwandishi wa Rosa Mistika anajitokeza tena, si kwa mandhari ya Namagondo, bali kwa ujuzi wake wa kale wa kile ambacho mtu hukihitaji ili aione kesho.

Juu ya lugha kuna jambo moja la kusemwa, kwa kuwa limesahauliwa katika mabishano ya falsafa. Kezilahabi aliwahi kulaumiwa kwa mashairi yake ya Kichomi, mwaka 1974, yasiyofuata vina na mizani, na watetezi wa utenzi na tarbia walisema kwamba mtu wa bara amekuja kuvunja nyumba asiyoijenga. Vitabu hivi viwili vyaonyesha nini alichokifanya na matofali. Sentensi zake ni fupi. Maneno yake ni ya kawaida. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuyasoma moja moja bila kufungua kamusi. Ugumu haumo katika neno bali katika nafasi iliyoachwa baina ya sentensi na sentensi, ambako mwandishi mwingine angeweka kwa hiyo au kwa sababu, naye hakuweka kitu. Huo ndio ujenzi wa kitendawili: vitu viwili vilivyowekwa karibu, na daraja limeondolewa. Said Ahmed Mohamed Khamis, ambaye mwaka 2003 aliandika juu ya Nagona akitazama kuvunjika vunjika kwa masimulizi yake pamoja na asili yake katika fasihi simulizi, alifanya vema kuyaweka mambo hayo mawili pamoja; maana wako wadhanio kwamba kuvunjika huko ni ugeni, ilhali bibi yeyote ategaye vitendawili huvunja hivyo hivyo kila jioni.

Katika Mzingile nafasi hizo zimepungua. Viunganishi vimerudi, matukio yanafuatana, na masimulizi ya Kakulu yanakwenda kama maji. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba kitabu cha pili kimelegea. Lakini mjumbe wa msiba hasemi kwa mafumbo. Anaweza kuzunguka kwa adabu, lakini afikapo kwenye neno lenyewe hulisema wazi, kwa kuwa msiba uliofumbwa ni ukatili. Lugha ya Mzingile imenyooka kwa sababu kazi ya mtu wake yataka unyoofu, na anayelaumu unyoofu huo hajatofautisha mwindaji na mjumbe.

Ikiulizwa kipi ni bora, haitoshi kujibu kwamba kila kimoja kina uzuri wake. Jibu hilo ni la mtu anayeogopa kugombana na wenyeji. Nagona ni fumbo bora: limefungwa vizuri zaidi, sura zake zakaa akilini, na mji wa wasomaji wake hauna mfano katika hadithi za Kiswahili zilizoutangulia. Mzingile ni hadithi bora, na ni cha ujasiri zaidi, kwa kuwa kinahatarisha kitu ambacho msomaji anakipenda, ambapo Nagona kinahatarisha subira yake tu. Msomaji ambaye bado hajagusa hata kimoja hatapata hasara akianza na cha pili. Hakuna mtu wa Nagona anayehitaji kujulikana ili mjumbe aeleweke. Wala msimulizi wa Mzingile, ambaye wengi wamemchukua bila kuuliza kuwa ndiye yule yule aliyepita katika mji wa kimya, hasemi popote maneno yanayomlazimisha mtu kuamini hivyo. Yule wa kwanza alikuwa anafuata kitu kinachokimbia. Huyu amebeba kitu kisichoweza kutuliwa, na hata baada ya kukifikisha kwa mwenyewe, bado anacho.